Bakteria mpole, mpole kwa nani?

Maziwa ya ng'ombe kutoka Rungwe, Mbeya, yakifika kwa mnunuzi, kwa kawaida hupimwa kwa laktomita kuona kama yametiwa maji na kwa spiriti kuona kama yameanza kuchacha. Hakuna kati ya hivyo kinachosema ndani kuna bakteria gani. Ndiyo maana wapo wanaosema tusome vinasaba vya bakteria, tumwage yenye aina kali tu, na mfugaji auze yaliyobaki.

Wana hoja. Bakteria waitwao E. coli, wengi wao wanaishi matumboni mwetu bila kutudhuru. Lakini ndugu yao O157:H7, aliyetambuliwa Marekani mwaka 1982 kwa walaji wa nyama ya kusaga, hutoa sumu inayoweza kuua figo za mtoto, na bado hukaa ndani ya ng'ombe mwenye afya tele. Kuwaweka kapu moja ni kumwonea mfugaji. Tena Afrika Kusini, mwaka 2017 na 2018, bakteria aitwaye Listeria aliugusa umma kwa wagonjwa zaidi ya 1,000 na vifo zaidi ya 200. Ni vinasaba vilivyoonyesha kwamba wengi wao walipata ukoo mmoja, ST6, na kuwafikisha wachunguzi kwenye kiwanda cha polony, aina ya soseji.

Lakini kumsaka mhalifu ni kazi moja, na kumpa bakteria cheti cha tabia njema ni nyingine kabisa. Ujerumani mwaka 2011, E. coli mwingine, O104:H4, aliua watu zaidi ya 50 kupitia mbegu za uwatu zilizochipuzwa. Jeni ya sumu kama ile ya O157 aliletewa na virusi vinavyoshambulia bakteria. Orodha ya wakali iliyoandikwa kabla ya hapo ingeweza kumpitisha.

Kinachonisumbua zaidi ni mlaji. Ng'ambo ya Mto Songwe, Malawi, wanasayansi wamemsoma bakteria wa jamii ya Salmonella aitwaye ST313. Amepoteza baadhi ya jeni ambazo ndugu zake hutumia utumboni. Kwenye karatasi unaweza kumdhania goigoi. Huyo huyo huingia kwenye damu na kuua, hasa watoto wenye malaria au utapiamlo na watu wazima wenye VVU. Sasa tazama kwetu: utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2022–2023 uliikuta VVU kwa asilimia 12.7 ya watu wazima Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati taifa zima ni 4.4. Ukali uliopimwa kwa panya wa maabara hauwezi kutuamulia nani anywe nini Makambako, Njombe.

Kwa hiyo mashine za kusoma vinasaba zije, zifanye kazi siku watu wanapoanza kuugua, tujue chanzo. Ruhusa ya kuuza isitoke huko. Kuyapasha maziwa moto hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15 ili kuua bakteria hakumuulizi yeyote ukoo wake, na shilingi ya kwanza ningeipeleka hapo, hasa kwa mtindi wa maziwa mabichi: O157 huvumilia uchachu kuliko tunavyopenda kuamini.