Kinga ya kuazima: bibi na muuguzi, nani mkweli?

Kaa kwenye benchi la kliniki ya watoto Pemba, iwe Wete au Chake Chake, hukosi kuyasikia mabishano haya. Bibi anasema mtoto anayenyonya ana kinga ya mamaake, sindano za wiki ya sita za nini? Muuguzi anamjibu kuwa kinga ya mama haitoshi. Mimi naona bibi ana hoja nzito kuliko anavyopewa, ingawa kwenye hizo sindano za wiki ya sita amekosea.

Miezi ya mwisho ya ujauzito kingamwili za mama, yaani protini zinazopambana na vijidudu vya maradhi, hupita kwenye kondo na kuingia katika damu ya mtoto. Ndiyo maana njiti hupata chache. Uzuri wake, zinafanya kazi papo hapo, mwili wa kichanga haujajifunza kitu. Pepopunda ya kitovu huzuiwa hivyo: anachomwa mama, anasalimika mtoto.

Kwenye maziwa ndipo tunapochanganya. Dang'a, yale maziwa mazito ya siku za mwanzo, yana kingamwili za aina nyingine, ambazo kwa binadamu haziingii kwenye damu ila kwa uchache sana. Hubaki zikiutanda utumbo na koo. Humwepusha mtoto na kuharisha, lakini kwa surua usizitegemee. Ndama ndiye anayepata karibu kinga yote kwenye dang'a, maana kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili. Huenda hekima ya zizini ndiyo iliyohamia chumbani kwa mzazi.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hii ya kupitia kondo inasitiri, tena vizuri, ila kila wiki tatu hadi nne nusu yake huchakaa. Mama akitoka arubaini, zaidi ya nusu imekwishakwenda. Kifaduro hakingoji, ndiyo maana sindano huanza wiki ya 6, zikafuata za wiki ya 10 na ya 14.

Kwenye surua mambo yanageuka. Enzi za bibi karibu kila mtu aliiugua utotoni, na mama aliyeugua surua kwa kawaida huwa na kingamwili nyingi kuliko aliyechanjwa. Watoto wake walikopeshwa zaidi. Anachokumbuka bibi ni kweli; mkopo wa binti yake ndio uliopungua. (Tusiitamani surua hiyo, lakini. Wanaosimulia ni waliopona.)

Tena kingamwili hizo za mama huipinga chanjo. Huviwahi virusi vilivyodhoofishwa vilivyomo kwenye chanjo ya surua kabla mwili wa mtoto haujavitambua, kwa hiyo chanjo hiyo husubiri miezi 9, na ya pili miezi 18. Kabla ya hapo pana kipindi kibaya: kingamwili zimeshakuwa chache mno kumkinga mtoto, na bado zinatosha kuiharibu chanjo. Surua ikizuka, watoto huchanjwa tangu miezi 6, na dozi hiyo haihesabiwi. Ya miezi 9 iko palepale. Mama aliyechanjiwa mwanawe mwezi wa sita kisha akaambiwa arudi mwezi wa tisa kwa chanjo ileile, bila kuelezwa haya, ana haki ya kudhani anazungushwa.