Dawa Zimeisha, Rudi Mwezi Ujao

Maneno haya yanatamkwa kwa upole kwenye dirisha la dawa, na yananiuma kuliko tusi. Mtu mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoleta sauti zisizokuwepo, aliyetulia mwaka mzima, anaambiwa sindano yake haipo. Anarudi nyumbani. Mwanzoni hakuna anayeona kitu, maana ile dawa ya mafuta bado inatoka taratibu kwenye msuli. Wiki zinapita, usingizi unapotea, sauti zinarudi. Ndipo mtaa unasema amerogwa, au amekataa dawa, na ndugu wanatafuta kamba na nauli ya Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili.

Mirembe iko Dodoma tangu 1927 na kazi yake naiheshimu. Ila mkazi wa mjini anahitaji kwanza kituo cha afya chake kisikose dawa chache zilezile: flufenazini au haloperidoli ya sindano kwa skizofrenia, amitriptilini ya sonona, karbamazepini na fenobabitali za kifafa. Na Artane! Hiyo husahaulika kila mara, ilhali ndiyo inayolegeza shingo na taya zilizokakamaa kwa haloperidoli. Mgonjwa akikakamaa mara moja bila kuelezwa kwa nini, harudi tena, na simlaumu.

Kosa linaanzia kwenye oda. Tuseme kituo kina wagonjwa 40, kila mmoja akichomwa sindano moja kila baada ya wiki 4. Kwa mzunguko mmoja wa oda, wa wiki 8, zinahitajika sindano 80, na akiba juu yake. Anayeagiza anafungua leja ya stoo, anakuta zilitumika 40, anaagiza 40. Hakuangalia kwamba dawa ilikauka katikati ya mzunguko! Zile 40 zilitumika kwa wiki 4 tu. Wiki 4 zilizobaki watu walirudishwa. Kwa hesabu hiyo kituo kitapungukiwa kila mzunguko, na lawama itapelekwa Bohari ya Dawa, msambazaji wa serikali, wakati mwingine bila haki. Gawanya matumizi kwa siku ambazo dawa ilikuwepo. Bora zaidi, hesabu kadi za wagonjwa, maana kadi haipungui dawa inapokwisha.

Kwa wenye kifafa, ambao wengi wanahudumiwa kliniki hiyohiyo ya afya ya akili, jambo hili ni la kufa na kupona: fenobabitali ikikatwa ghafla, degedege linaweza kufuatana bila mtu kuzinduka.

Kliniki ya siku moja kwa wiki, asubuhi tu, inamfukuza anayeishi kwa kibarua. Anayeanza amitriptilini aambiwe siku hiyohiyo kwamba nafuu huchukua wiki 2 hadi 4, la sivyo ataiacha siku ya kumi.

Nakubali, shingo upande, kwamba waganga wa jadi na viongozi wa dini huzipokea familia kabla yetu. Basi tukae nao, tuwaombe jambo moja: maombi yaendelee, vidonge visikatwe.

Na namba ya simu ya ndugu iandikwe kwenye kadi. Asiyefika ndani ya siku 7 apigiwe. Simu isipopokelewa, mhudumu wa afya ngazi ya jamii amwongoze muuguzi hadi nyumbani, na muuguzi aende na sindano.