Riba imeshuka, imeshuka kwa nani?

Nilipohamia Uingereza nilishangaa kuona watu wazima wakiacha kazi kufuatilia tangazo la riba. Mshangao uliisha haraka. Kati ya Desemba 2021 na Agosti 2023 Benki Kuu ya huku ilipandisha riba yake, ile ambayo benki nyingine huifuata zinapokopesha, mara 14 mfululizo, kutoka asilimia 0.1 hadi 5.25, ikipambana na mfumuko wa bei uliofika asilimia 11.1 Oktoba 2022. Mwenzangu kazini alikuwa na mkopo wa nyumba ambao riba yake ilifungwa kwa miaka miwili. Muda ulipoisha, mkataba mpya ukamtaka pauni mia tatu zaidi kila mwezi. Likizo akaifuta, mchana akawa anakuja na chakula chake kutoka nyumbani. Wa aina yake walikuwa wengi, na mgahawa unaotazamana na ofisi yetu ukapunguza wahudumu wawili. Mapishi yalikuwa yaleyale, ila hela ya wateja ilikuwa imeshapita benki.

Sasa njoo nyumbani. Julai 2025 Benki Kuu ya Tanzania iliposhusha riba yake kutoka asilimia 6 hadi 5.75, nilimpigia dada yangu anayeuza vitenge Kariakoo, nikidhani nampa habari njema.

“Imeshuka kwa nani, mdogo wangu?”

Nilikosa jibu. Mtaji wake hautoki benki, ambako wakopaji hutozwa karibu asilimia 15 kwa mwaka, tena baada ya kuulizwa hati ya nyumba asiyokuwa nayo. Anachukua mzigo kwa mali kauli, yaani analipa akishauza, anakopa kwenye kikoba, na mambo yakikaza anaingia kwa kausha damu, wale wanaopita na daftari kila jioni kudai marejesho. Kikoba nacho kina riba kali, lakini mwisho wa mwaka kikivunjwa riba hiyo inarudi kwa wanachama wenyewe. Ya kausha damu hairudi. Wote hao hawana habari na kikao cha Kamati ya Sera ya Fedha, inayopanga riba ya Benki Kuu.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema riba ikishushwa tu biashara zitachangamka. Huku tangazo linamfikia mtu hadi jikoni kwa sababu nyumba anayolala ni ya mkopo. Kwetu wengi wanajenga kwa kudunduliza, tofali leo, bati mwakani. Hilo huwakinga na pigo walilolipata wenzao wa huku, lakini nafuu ikija nayo inawapita. Kwanza tujiulize kwa nini benki haimkopeshi muuza vitenge.

Kuna riba moja inayomfikia dada hata asipokopa, nayo ni ya Marekani. Benki Kuu yao ilianza kupandisha Machi 2022 na Julai 2023 ikafika kati ya asilimia 5.25 na 5.5. Fedha za dunia zikakimbilia dola, na 2023 dola ikawa adimu Dar es Salaam. Wanaomletea mzigo kutoka China wakainunua kwa bei ya juu, bei ya doti ikapanda, na wateja wakaanza kushika kitambaa na kukirudisha. Yeye hajawahi kukopa hata senti moja ya Marekani.

Wiki iliyopita amenipigia mwenyewe. Salamu fupi, kisha: “Dola huko inaelekea wapi?”