Mteja wa kubeti aliyekuja kwa linki ni wa nani? Mi naona dalali anaonewa

Kampuni ya kubeti ikifunga mpango wake wa maafilieti, yaani madalali wanaolipwa kwa kuleta wachezaji kwa linki wanazoweka kwenye chaneli zao za Telegram, au ikiamka tu na masharti mapya, ugomvi ni ule ule: kampuni inasema wateja ni wetu, mwenye chaneli anasema hawa niliwaleta mimi, na wasomaji wengi wanamcheka mwenye chaneli, eti kwani alidhani kanunua watu? Mi simcheki, na nitasema kwa nini.

Dalali wa nyumba wote tunamjua. Anakutafutia chumba, anachukua hela ya kodi ya mwezi mmoja, mnaachana. Ukikaa humo miaka sita hakudai senti. Kwenye kubeti malipo ya namna hiyo yapo, mtu akijisajili kwa linki yako na kuweka hela unalipwa mara moja basi, na aliyekubali hivyo hana la kulalamika. Ugomvi uko kwenye mkataba wa pili, wa asilimia, ambao kampuni zenyewe ndo zinaupigia debe: lete mchezaji, ule asilimia 25, 30, kuna wanaofika 40, ya kile kinachobaki kwa kampuni kutoka kwa huyo mchezaji, maisha yake yote ya kucheza. Af huko chini kwenye vigezo na masharti kuna kamstari kanasema tunaweza kubadilisha haya muda wowote.

Sasa angalia kitu ambacho wanaocheka hawakijui. Tuseme mkataba wako ni asilimia 30. Mwezi wa kwanza watu wako wamepoteza milioni 2 baada ya bonasi na kodi kutolewa, we unapata laki 6, safi. Mwezi wa pili jamaa mmoja kati yao mkeka wake unatiki, anaondoka na milioni 7, wengine wote wamepoteza milioni 1 tu, kwa hiyo kundi lako limeiacha kampuni hasi milioni 6 na dashibodi yako, ule ukurasa wa kuonyesha mapato yako, inasoma hasi milioni 1 na laki 8. Kwenye kampuni kadhaa hiyo hasi haifutwi mwezi ukiisha, inahamia unaofuata. Ukirudi kwenye laki 6 zako za kawaida unafanya kazi miezi mitatu mizima kuijaza tu hiyo shimo, hela unaiona mwezi wa nne baada ya ile hasi. Nimeirudia hii hesabu mara nyingi na kila mara naishia pale pale, huyu mtu anabeba hasara. Bango la barabarani halibebi hasara, redio ikishalipwa tangazo lake haiulizwi kama wateja wameshinda. Anayebeba hasara ni mshirika, sasa inakuwaje mkeka ukitiki yeye ni mshirika, siku ya kumtoa anageuka bango?

Septemba 2017 Sky Betting & Gaming ya Uingereza ilifunga mpango wake wa maafilieti wa humo nchini. Wachezaji hawakwenda popote, waliendelea kubeti kama jana, kilichokatwa ni fungu la waliowaleta. Linganisha na Oktoba 2006, Marekani ilipopitisha sheria ya kuzuia malipo ya kamari za mtandaoni na kampuni ya kamari ya PartyGaming ikajitoa kule. Maafilieti waliumia vibaya, ila kampuni nayo ilipoteza wachezaji wale wale, wote wakalia pamoja. Hiyo naielewa.

Upande wa kampuni nao una hoja, tena nzito. Leseni ni yake, kodi analipa yeye, kukagua vitambulisho na umri ni kazi yake, na afilieti akivuruga anayeitwa ni mwenye leseni. Mwezi huo huo wa Septemba 2017 mamlaka ya matangazo ya Uingereza iliwashika Ladbrokes, 888, Sky Vegas na Casumo kwa kastori ka uongo kalikoandikwa na afilieti, ka mtu mwenye madeni na mke mgonjwa wa kansa aliyeokolewa na kamari. Mwaka huo huo kampuni nyingine ya kamari, BGO, ililipa faini ya pauni 300,000 kwa matangazo ya kupotosha, ya kwake na ya maafilieti wake. Ningekuwa bosi pale hata mi ningewaza kufunga. Ila kuogopa faini za kesho kunakupa sababu ya kutopokea watu wapya kwa linki, hakufuti asilimia ya waliokwishaingia kihalali miaka mitatu nyuma.

Na jina la mteja? Afilieti halioni, kwenye dashibodi anaona namba tu. Akaunti ni ya kampuni, ila chaneli ya Telegram ni ya jamaa, na binadamu ni yule yule amekaa sehemu mbili. Ndo maana mpango ukifungwa, kesho yake chaneli ina promo kodi (namba ya ofa ya kujisajilia) ya kampuni nyingine na ile ya kwanza inalalamika imeibiwa wateja. Umeibiwa na nani, na walitokea wapi? Kenya iliposimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30 Aprili 2025 thamani ya hii kitu ilionekana wazi, maana kama huruhusiwi kutafuta wapya, waliopo ndo mali.

Mi ningesema kampuni inayotaka mteja awe wake peke yake imnunue: ichukue wastani wa mwaka uliopita wa huyo afilieti, wakubaliane ni miezi mingapi, na hiyo bei iandikwe kwenye mkataba siku ya kwanza. Ikiona ghali, ibaki na mpango wa kulipa mara moja.

Sehemu moja tu namuacha jamaa yangu mwenye chaneli peke yake. Mchezaji akichoka, akaomba mwenyewe afungiwe, kampuni inafunga akaunti. Chaneli haijui kama kafungiwa, na hata ingejua, asilimia yake inatoka kwenye hela ile ile anayopoteza huyu mtu. Kwa hiyo saa mbili asubuhi simu yake inalia, mkeka wa leo umefika, na chini yake kuna linki ya kampuni nyingine.