Nasoma historia ya Wales, mawazo yangu yako Pate

Ndugu zangu wa Lamu wakinipigia simu huniuliza: historia ya Wales itakufaa nini? Nawajibu kwamba hapa Cardiff nimeona nani anaweza kushika mwiko wa kuchimbia ardhi ya kale inapofukuliwa, na jambo hilo linatuhusu sana.

Magharibi mwa jiji kuna kilima cha Caerau, penye ngome ya Zama za Chuma. Chini yake ni mitaa ya Ely na Caerau, ambako wengi wana maisha magumu. Tangu 2011 Chuo Kikuu cha Cardiff kinachunguza kilima hicho pamoja na wakazi wenyewe: watoto wa shule, wazee waliostaafu, watu wasio na ajira. Wamechimba pamoja, na chini ya ngome yakaonekana mahandaki ya Zama Mpya za Mawe, yaliyoitangulia kwa maelfu ya miaka. Mtoto wa mtaani akiokota kigae pale, anaelezwa ni cha nini na kwa nini kina thamani.

Kwetu mwanakijiji aliitwa kuchimba na kubeba mchanga, akalipwa ujira, basi. Maelezo yaliandikwa mbali naye, na kwa miaka mingi tukaambiwa miji yetu ya mawe ni kazi ya wageni kutoka Uarabuni na Uajemi. Uchimbuzi wa Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980 ndio uliotikisa hadithi hiyo: chini ya msikiti wa mawe kulikuwa na misikiti ya miti, ya mwanzo ikiwa ya karne ya 8, kila mmoja umejengwa juu ya uliotangulia. Inaniuma kwamba nimeyasoma haya katika maktaba ya Cardiff, wakati Shanga ni safari ya mashua tu kutoka kwetu.

Mortimer Wheeler, mwanaakiolojia aliyewahi kuongoza Makumbusho ya Taifa ya Wales, na ambaye pamoja na mkewe Tessa alifukua uwanja wa michezo wa Warumi huko Caerleon, alipita pwani ya Tanganyika mwaka 1955. Alisema historia iliyozikwa ya nchi ile, tangu karne ya 10, imeandikwa kwa kauri za Kichina. Kauri zipo kweli. Lakini vigae vingi zaidi katika magofu yetu ni vya vyungu vilivyofinyangwa na watu wa pwani hiyohiyo, na hivyo ndivyo ningependa vitangulie kusomwa.

Tena tuna kitu ambacho Wales haina. Pale Caerleon hakuna fundi wa Kirumi wa kuulizwa. Lamu na Pate wapo mafundi wanaojua kupanga tanuu la chokaa, na watakueleza kwamba vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Huyo ni mwalimu wa akiolojia, awe na cheti au asiwe nacho.

Kwa hiyo chuo chochote kitakachokuja kuchimba kwetu, kutoka Nairobi au Ulaya, kimlipe fundi kama mwalimu na kimtaje kwa jina katika ripoti. Ripoti iandikwe na Kiswahili pia, nakala ibaki shule ya kijiji.