Jina la mwanafunzi liungwe wapi: ndani ya hifadhidata au kwenye programu?

Shule moja hapa Lubumbashi iliniomba orodha ya wanafunzi waliolipa minerval, yaani ada ya shule. Niliandika nom || ' ' || postnom || ' ' || prenom (jina la ukoo, jina la pili na jina la kwanza; alama || huunga maandishi), nikachapisha, nikampelekea mama sekretere. Akaweka kidole kwenye mistari saba: namba ya mwanafunzi ipo, kiasi kipo, jina hakuna. Wote saba walikuwa watoto wa familia zilizotoka Zambia, ng'ambo ya Kasumbalesa, na hawana postnom. Katika PostgreSQL, programu ya hifadhidata, maandishi yakiungwa kwa || na NULL, yaani pengo lisilo na thamani yoyote, jibu ni NULL. Pengo moja limemeza jina zima.

Postnom zilienea kwetu mwaka 1972, Mobutu alipopiga marufuku majina ya ubatizo ya Kizungu. Fomu za leo zinadai sehemu tatu za jina, na yoyote kati ya hizo inaweza kukosekana.

Waandishi wengi wa programu wanasema hifadhidata itoe data ghafi, mapambo yafanyike nje, kwenye programu. Hoja yao ina uzito, maana hifadhidata hazifanani. Oracle ingeliacha jina la mtoto lilivyo, kwa kuwa NULL huko ni sawa na maandishi matupu. MySQL, usipogusa mipangilio yake, inasoma || kama "au": 'Ilunga' || 'Kasongo' inakurudishia 0. Ukihama hifadhidata, swali (amri ya kuchota data) lililokuwa zima linaharibika.

Kwenye pesa wana haki kabisa. FORMAT(1250000, 2) ya MySQL, inayopamba namba kwa mikato, inatoa 1,250,000.00, safi kwa macho, ila hayo sasa ni maandishi. Ukiyapanga kuanzia dogo, 900,000.00 inakuja chini yake kana kwamba ndiyo kubwa. Ukiyajumlisha, MySQL inasoma hadi mkato wa kwanza na kuhesabu 1. Tena sisi tuliosoma hesabu kwa Kifaransa, mkato ndio unaotenga desimali! Falanga na dola zibaki namba, sarafu iwe na safu yake, na mapambo yasubiri hadi karatasi inapochapwa.

Kwa jina sikubaliani nao. Shule ile ina programu ya risiti, orodha ya Excel ya prefe (mkuu wa shule), na ujumbe wa simu kwa wazazi. Kila moja ikijiungia jina kivyake, mtoto anakuwa Kabwe Ilunga Marie huku na Marie Kabwe kule, na mzazi aliyesimama dirishani kwa keshia anaambiwa mtoto wake hayumo. Mzazi huyo amepanga foleni tangu asubuhi. Jina liungwe mahali pamoja, katika swali lililohifadhiwa ndani ya hifadhidata, na wote wachote hapo.

Nimechagua CONCAT_WS(' ', nom, postnom, prenom), inayounga sehemu na kuweka nafasi kati yake. Inaruka NULL pamoja na nafasi yake, wakati COALESCE(postnom, ''), inayogeuza NULL kuwa maandishi matupu, ukiiunga kwa || inaacha nafasi mbili kati ya Banda na Joseph, na anayetafuta "Banda Joseph" hapati kitu. Ipo PostgreSQL, MySQL, na SQL Server tangu toleo la 2017. Hairuki maandishi matupu, kwa hiyo nimeizungushia kila safu NULLIF, kama NULLIF(postnom, ''), inayogeuza maandishi matupu kuwa NULL.

Nilirudi na orodha mpya Jumatatu. Mama sekretere alianza na ile mistari saba, akaisoma kwa sauti, jina kwa jina.