Kamba ina lebo, tawi halina

Mpogoaji anapopanda mti, karibu kila kifaa alichovaa kimeshapimwa. Kamba yake ina lebo inayotaja uzito wa kuikata, na mkanda, kulabu na helmeti navyo vimepita kwenye majaribio. Kisichopimwa ni tawi alilofungia kamba hiyo. Hapo anategemea jicho lake na uzoefu tu.

Ndiyo maana nasema utafiti wa usalama wa kazi hii unastahili fedha nyingi kuliko unazopata.

Chukua kazi ya kushusha shina kipande kwa kipande. Kapi hufungwa chini kidogo ya mkato, gogo likikatika linadondoka hadi kamba ilidake. Tatizo ni mshtuko. Gogo la kilo 100 likisimamishwa ghafla huivuta kamba kwa nguvu inayozidi uzito wake mara kadhaa, na kwa kuwa kamba inapanda kwenye kapi na kurudi chini, shina hubeba karibu maradufu ya mvuto huo. Mpogoaji naye amejifunga kwenye shina hilohilo, ambalo pengine limeoza kwa ndani! Mwenzake anayeishika kamba hiyo chini akiiachia iteleze kidogo, mshtuko hupungua sana. Mafundi wanalijua hilo kwa mikono yao. Lakini iteleze kiasi gani, kwenye shina lililooza kiasi gani? Kulijibu swali hilo kunataka vipimo, miti halisi ya kukatwa, na muda.

Inawezekana. Mwaka 2008 nchini Uingereza mamlaka ya usalama kazini, HSE, ilitoa pamoja na Tume ya Misitu ripoti nzima kuhusu ushushaji wa miti kwa kamba. Marekani, TREE Fund hutoa ruzuku za utafiti wa miti, na sehemu ya fedha zake hutokana na msafara wa baiskeli, Tour des Trees, ulioanza 1992. Nawaheshimu sana waendeshaji wale, ila mzigo huu si wao peke yao. Watengenezaji wa vifaa hupima wanachouza, na tawi haliuzwi. Basi wachangie wanaofaidika na kazi yenyewe: kampuni za umeme ambazo nyaya zao hupita katikati ya matawi, halmashauri za miji, na kampuni za bima ambazo hulipa fidia mtu akishaanguka.

Na kila ruzuku iwe na fungu la mafunzo ya vitendo, kwa sababu wapandaji wengi hawatausoma utafiti huo. Wataonyeshwa na mwenzao, kamba ikiwa mkononi.